Nyumba ya Sisimizi na Mwanga Wake: Majibu kwa Wanaoanza Kufuga

Katika toleo hili tunajibu barua zinazohusu makazi na mwanga wa sisimizi wanaofugwa nyumbani. Karibu zote zinafanana kwa jambo moja: mfugaji ameanza na nyumba inayompendeza yeye kuitazama, kisha anashangaa kwamba sisimizi hawatulii ndani yake. Kwa hiyo majibu yetu yatarudi mara kwa mara kwenye maisha ya sisimizi akiwa ardhini, kwa kuwa vipimo vya nyumba yake vinapatikana huko. Barua zinazohusu chakula zitajibiwa katika toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Morogoro. Baada ya mvua za kwanza niliokota sisimizi mkubwa wa kahawia chini ya taa ya baraza, akiwa amekwisha kukatika mabawa. Mwalimu wetu wa baiolojia amemtazama na kusema ni malkia wa jenasi ya Camponotus. Nimemweka ndani ya tangi la samaki lililojaa udongo ili baadaye nizione njia zote atakazochimba, lakini amejichimbia na simwoni tena. Je, tangi hilo linafaa? Na je, nimpe chakula gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kumwonyesha mwalimu, maana wengi huokota kumbikumbi baada ya mvua wakidhani wamepata sisimizi, ilhali kumbikumbi ni mchwa na mahitaji yao ni tofauti kabisa. Kiuno chembamba na vipapasio vilivyopinda katikati ndiyo alama za sisimizi.

Tangi la samaki halifai. Malkia wa Camponotus akishatua na kukata mabawa yake hujichimbia chumba kimoja kidogo, kisichouzidi sana mwili wake, akauziba mlango na asitoke tena mpaka watoto wake wa kwanza wakomae. Muda wote huo hali kitu. Huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini na kwa misuli ya mabawa ambayo sasa haina kazi tena, na kwa akiba hiyo hiyo huwalisha mabuu wake. Kwa sababu hiyo swali lako la chakula lina jibu fupi: usimpe chochote mpaka wafanyakazi wa kwanza waonekane. Ndani ya tangi kubwa, unyevu wa udongo huwezi kuupima, ukungu na utitiri huweza kusambaa bila wewe kujua, na malkia akifa utaendelea kuumwagilia maji udongo mtupu kwa wiki nyingi.

Nyumba yake ya kwanza iwe mrija wa kioo wa maabara, na bila shaka mwalimu wako anaweza kukupatia mmoja. Mrija wenye urefu wa milimita 150 na kipenyo cha milimita 16 unamtosha malkia wa ukubwa huo. Jaza maji safi hadi theluthi moja ya urefu wake, kisha sukuma pamba ndani mpaka iguse maji na kuloa, ikiwa imebana kiasi kwamba ukiuinamisha mrija hakuna tone linalopita. Mbele ya pamba hiyo acha nafasi kavu ya sentimita sita au saba, mwingize malkia, halafu ziba mdomo kwa pamba nyingine kavu, usiikaze sana, kwa kuwa hewa yake hupitia hapo. Laza mrija mahali tambarare, ufunike kwa karatasi nzito nyeusi au uuweke ndani ya droo isiyofunguliwa ovyo. Chumba hiki kidogo chenye giza, chenye unyevu upande mmoja na ukavu upande wa pili, kinampa karibu kila kitu ambacho angekichimba mwenyewe.

Ili kumtoa kwenye tangi, ondoa udongo kwa kijiko kuanzia pembeni, tabaka baada ya tabaka, ukitazama kila donge kabla ya kulivunja. Ukimkuta na mayai, yachukue pamoja naye kwa brashi laini yenye unyevu kidogo. Fanya kazi hiyo mara moja tu, kisha mwache kwa wiki nzima bila kumchungulia. Malkia anayesumbuliwa mara kwa mara huyala mayai yake, na huo ndio msiba unaowapata wanaoanza kuliko mwingine wowote. Baada ya wiki hiyo ya kwanza, mtazamo mmoja kwa wiki unatosha, wa muda usiozidi dakika moja, chini ya mwanga hafifu. Katika joto la Morogoro wafanyakazi wa kwanza kwa kawaida hutokea baada ya mwezi mmoja hadi miwili. Watakuwa wadogo kuliko unavyotarajia, na hilo ni la kawaida, kwa sababu wamelelewa kwa akiba ya mama peke yake.

Wakishatoka, usikimbilie kuwajengea jumba. Mrija uendelee kuwa nyumba, nawe uongeze ua tu, yaani kikasha cha plastiki chenye kuta laini, upana wa kiganja au viwili, ambamo mrija unalazwa ukiwa umepunguzwa pamba ya mdomoni ili uache tundu la kupita sisimizi mmoja mmoja. Chakula kiwekwe uani na taka zitupwe uani. Mgawanyo huu wa nyumba na ua ni wa lazima, kwa maana sisimizi ni wasafi mno na hutaka mizoga na makombo yakae mbali na mabuu. Ukiwapa nyumba kubwa mno kabla ya wakati, chumba cha mwisho hugeuka jaa, ukungu huota humo, na mfugaji hudhani amepata sisimizi wachafu.

Watakapofika ishirini au thelathini na mrija ukaonekana kusongamana, hapo ndipo ujenge. Kwa aliye Tanzania, nyenzo rahisi ni unga wa jipsamu, ule unaotumiwa kunakshi dari. Tengeneza vyumba kwa udongo wa mfinyanzi juu ya kipande cha kioo, kila kimoja kikiwa na kina cha milimita kumi hivi ili hata wafanyakazi wenye vichwa vikubwa wapite, viunganishe kwa njia nyembamba, zungushia ukuta wa kadibodi, kisha mimina jipsamu juu yake. Ikishaganda, ng’oa udongo na uache kipande kikauke kabisa kwa siku kadhaa, kwa kuwa jipsamu iliyofungwa ikiwa mbichi huota ukungu mweusi. Upande mmoja toboa shimo la kutilia maji, lisilofika ndani ya vyumba, na upande wa pili usiuloweshe kamwe. Sisimizi watajipangia wenyewe: mayai na mabuu wadogo karibu na unyevu, pupa (buu aliyekwisha kukua na sasa anageuka kuwa sisimizi kamili) mahali pakavu zaidi. Vyumba vitatu au vinne vinatosha kwa mwaka wa kwanza.

SWALI: Mhariri, salamu. Mwanangu wa miaka kumi na miwili aliletewa na mjomba wake nyumba ya sisimizi ya akriliki yenye taa za rangi chini yake, nasi tukalihamishia humo kundi lake dogo. Taa zikiwashwa tu, sisimizi hubeba mabuu na kujazana kwenye kona moja. Mjomba anasema watazoea, na anashauri tuiweke dirishani kila asubuhi ili wapate jua. Mimi sina utaalamu, ila nawaona wanateseka. Mama wa Mombasa.

JIBU: Mama, umeona sawasawa. Sisimizi anayebeba mabuu na kukimbia ndivyo anavyofanya udongo unapofukuliwa juu ya kiota chake, kwa kuwa kwa sisimizi aishiye ardhini mwanga ndani ya chumba cha watoto una maana moja tu, kwamba ukuta umebomoka. Kila taa hizo zinapowashwa, kundi zima linaamini nyumba imevunjwa. Wafanyakazi huacha kulisha mabuu, malkia hupunguza kutaga, na kundi dogo huchoka hadi kudhoofika. Tunakuomba uziondoe taa hizo leo hii.

Mwanga ambao sisimizi huuona si ule ule tunaouona sisi. Katika karne ya 19 Mwingereza John Lubbock aliweka viota kati ya vioo viwili, akavimulika kwa mwanga uliotawanywa rangi zake, na akagundua kwamba sisimizi walihamisha pupa kutoka eneo la urujuanimno, ambalo kwa jicho la mwanadamu ni giza tupu, huku wakitulia chini ya mwanga mwekundu kana kwamba ni giza. Uchunguzi wa macho yao uliofuata ulionyesha sababu: aina nyingi za sisimizi zina vipokezi viwili tu vya mwanga, kimoja cha urujuanimno na kingine cha kijani, na rangi nyekundu iko mbali na vyote viwili. Ndiyo maana wafugaji hufunika kioo cha kiota kwa karatasi nyekundu ya nailoni inayopitisha mwanga, kama ile inayofungia maua na zawadi. Weka mbili au tatu, moja juu ya nyingine, na mwanao ataweza kuwatazama wakiwa wametulia. Hata hivyo karatasi hizo hazizuii kila kitu, hasa mwanga ukiwa mkali, kwa hiyo wakati hakuna anayetazama, weka kifuniko cha kadibodi nyeusi juu yake.

Anachosema mjomba kuhusu kuzoea kina ukweli kidogo. Kundi kubwa na lenye afya linaweza kuvumilia mwanga hafifu wa chumba ikiwa haubadilikibadiliki. Lisilozoeleka ni taa ya kuwashwa na kuzimwa kwa ajili ya kutazamwa, na kundi dogo lisijaribiwe kwa namna yoyote.

Kuhusu dirisha tunasema hapana, na hapa hatuna nafasi ya kulegeza. Akriliki na kioo hupitisha jua na kuzuia joto lisitoke, na katika jua la Mombasa nyumba ndogo iliyofungwa huweza kuua kila kilichomo kwa dakika chache, wakati chumba chenyewe kikiwa baridi tu. Hata jua la saa moja asubuhi husogea, na mtu akisahau kwenda kuiondoa nyumba dirishani mambo yamekwisha. Sisimizi wa mwituni huota jua kwa hiari yao, kwa kuwapeleka watoto karibu na uso wa ardhi na kuwarudisha chini joto likizidi. Ndani ya akriliki hawana pa kuwarudisha.

Ua, tofauti na nyumba, unaweza kupata mwanga. Mwanga wa kawaida wa chumba unatosha, na kwa kuwa pwani yetu iko karibu na ikweta, saa kumi na mbili za mchana na kumi na mbili za usiku ndiyo saa wanazozijua. Ikiwa mwanao atapenda kupanda mimea midogo uani, tumieni taa nyeupe ya LED yenye mwanga wa wastani, izimwe jioni, na msitumie balbu ya zamani ya waya ambayo huchoma kuliko kuangaza. Taa za urujuanimno zinazouzwa kwa ajili ya mijusi hazina faida kwa sisimizi. Jambo moja zaidi ambalo watu husahau wakishughulikia mwanga: mtikisiko. Sisimizi husikia kwa miguu, na nyumba iliyowekwa juu ya friji au karibu na spika haitatulia hata ikifunikwa kwa giza la namna gani.

SWALI: Huku Njombe usiku kuna baridi kali. Nimeiweka nyumba ya sisimizi wangu chini ya ile balbu nyekundu ya kulelea vifaranga, kwa kuwa nilisoma kwamba hawaoni mwanga mwekundu. Maji yanakauka haraka sana na mabuu wamepungua. Nifanyeje?

JIBU: Izime balbu hiyo mara moja, ndugu yetu. Ni kweli kwamba rangi nyekundu haiwasumbui machoni, lakini balbu ya vifaranga imetengenezwa kutoa joto la infraredi kwa banda zima, na aghalabu ina wati 150 hadi 250. Imewakausha.

Hukututajia aina yao, lakini ikiwa ni Camponotus wa kwetu, hustawi kwenye nyuzi joto 24 hadi 28. Baridi ya usiku wa Njombe haitawaua ndani ya nyumba, ila itachelewesha ukuaji wa watoto, na ucheleweshaji hauna madhara kwa mwenye subira. Ukitaka kuwasaidia, weka nyumba ndani ya sanduku la mbao au la thamoko (plastiki nyepesi ya povu), pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo upande mmoja tu, isiyogusa kiota. Upande mmoja pekee, kwa sababu sisimizi wanahitaji tofauti ya joto ndani ya nyumba ili wachague wenyewe pa kuwaweka mabuu. Nunua kipimajoto kidogo ukilaze pale pale walipo. Mkono wa mtu haupimi joto la sentimita moja ya hewa.

SWALI: Nyumbani kwetu Tanga maji moto wamejenga viota vya majani kwenye mkorosho. Nikikata tawi moja lenye kiota na kulitia ndani ya chupa kubwa, je, wataishi? Na siafu je?

JIBU: Hawataishi. Maji moto hujenga kwa kuvuta majani mabichi na kuyashona kwa hariri inayotoka kwa mabuu wao, na kundi moja huwa na viota vingi vilivyotawanyika katika miti kadhaa, huku malkia akiwa katika kimoja tu. Tawi utakalokata karibu hakika halina malkia, na majani yake yatakauka kwa siku chache. Isitoshe, maji moto hao wanakulindia mkorosho dhidi ya wadudu wanaofyonza machipukizi na korosho changa, na katika minazi ya pwani wanafanya kazi hiyo hiyo. Waache mtini na uwatazame huko, kwani wao hufanya kazi mchana kweupe, na hakuna taa wala kioo unachohitaji.

Siafu hawafugiki. Kundi lao huhesabiwa kwa mamilioni na huhamahama.

SWALI: Niko Dar es Salaam. Niliamka asubuhi nikakuta sisimizi wadogo wa kahawia wameingia katika nyumba ya kundi langu na kubeba mabuu wote. Walipitia tundu la hewa. Nilikuwa nimepaka mafuta ndani ya ua kuzuia wangu wasitoke, sikufikiria wa nje. Nitajikinga vipi nikianza upya?

JIBU: Pole sana. Wafugaji wa nchi za baridi huogopa sisimizi kutoroka, nao mafunzo yao mengi yanahusu hilo tu. Kwetu sisi hatari ya kuvamiwa ni kubwa vilevile. Wadogo wa kahawia wenye askari wa vichwa vikubwa yawezekana sana ni Pheidole megacephala, na hao hawaachi kitu. Huko Laikipia, Kenya, wanakohesabiwa kuwa wavamizi, wamewaangamiza sisimizi wanaoishi katika miiba ya migunga na kuilinda, na migunga isiyo na walinzi imekuwa ikivunjwa na tembo kwa urahisi.

Kinga bora unaijua tangu utoto: ile ya bibi zetu kusimamisha miguu ya kabati la chakula ndani ya makopo ya maji. Tafuta meza ndogo yenye miguu minne, weka kila mguu ndani ya kopo lenye maji na tone la sabuni ya maji ili anayejaribu kutembea juu yake azame, na hakikisha meza haigusi ukuta, pazia, wala waya wa umeme. Ongeza maji kabla hayajakauka. Matundu ya hewa yafunikwe kwa wavu wa chuma wenye vitundu vidogo kuliko kichwa cha mvamizi, uliobanwa kwa gundi ya silikoni iliyokwisha kukauka na kuisha harufu.

Kwa upande wa ndani, mafuta ya mgando yanafanya kazi yakipakwa tabaka jembamba, upana wa vidole viwili, juu ya ukuta wa ua. Tabaka nene huteremka katika joto la Dar na kuwanasa wafanyakazi. Poda ya talki iliyokorogwa na spiriti, ikapakwa na kuachwa ikauke, ni nzuri zaidi kwa kutazamwa, lakini katika miezi ya unyevu mwingi hushikana na kupoteza utelezi, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Na usijaribu kumaliza wavamizi kwa dawa ya kupulizia. Dawa za kupulizia wadudu na zile za kuwasha za kufukuza mbu zina viambato vinavyoua sisimizi wote bila kuchagua, na moshi au mvuke wake hupenya wavu. Chumba cha sisimizi kisipulizwe kabisa. Vivyo hivyo, usifunike nyumba yao kwa kipande cha chandarua chenye dawa, ingawa kinaonekana kufaa kwa matundu yake madogo.

SWALI: Ninaishi Hamburg, Ujerumani, na nina kundi la Lasius niger niliowapata wakati wa kiangazi. Sasa ni Oktoba, hawali tena na wamejikusanya. Nimewaongezea joto na taa kwa saa kumi na nne kwa siku, ili wadhani bado ni kiangazi, lakini hakuna mabadiliko.

JIBU: Usiwadanganye. Lasius niger ni sisimizi wa nchi zenye majira ya baridi, na mwili wake una saa yake ya ndani inayomwambia apumzike hata kama chumba kina joto. Akilazimishwa kukesha mwaka hata mwaka, malkia hudhoofika na utagaji hupungua.

Zima taa, ondoa joto polepole katika muda wa wiki mbili au tatu, kisha uwaweke mahali pa giza penye nyuzi joto kati ya 5 na 8, kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Machi. Ghala la chini ya nyumba linafaa likiwa na baridi ya kutosha, na wengi hutumia droo ya mboga ya friji, wakiwa wameuweka mrija ndani ya kisanduku chenye taulo ili usitikisike. Hawahitaji chakula wakati huo, ila maji ni lazima yawepo, kwa hiyo kabla ya kuwalaza hakikisha mrija una akiba, na uutazame mara moja au mbili kwa mwezi. Lasius niger ni chaguo zuri sana kwa anayeanza huko, na malkia wake anaweza kuishi zaidi ya miaka ishirini, basi umwekee mazoea mema tangu mwaka wa kwanza.

SWALI: Mhariri, mimi ni mkazi wa Nakuru. Msimu wa mvua sisimizi wakubwa wekundu, wale wavunaji, hutoa malkia wengi, na nasikia huko ng’ambo wanatafutwa sana. Sitaki kuuza. Nataka kufuga mmoja tu na kujifunza. Nimtengenezee nyumba ya namna gani?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya nyumba ni ruhusa. Sisimizi unayemwelezea ni Messor cephalotes, na mnamo Mei 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi kumi na miwili, kwa kukutwa na maelfu ya malkia wa sisimizi waliokusudiwa kusafirishwa nje kinyume cha sheria ya wanyamapori. Malkia hao walikuwa wamefungiwa katika mirija na sirinji zenye pamba, namna ile ile tunayoieleza katika kurasa hizi kwa ajili ya malezi. Inatuuma kuona elimu ya kumtunza kiumbe ikigeuzwa njia ya kumtorosha, kwa kuwa mvunaji huyu hutawanya mbegu na kuipa ardhi hewa pale pale anapoishi, na kila malkia anayeondolewa ni kundi ambalo halitakuwapo.

Nenda katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori iliyo karibu nawe, ueleze nia yako, upate jibu kwa maandishi. Hata ukiruhusiwa, hatumshauri anayeanza kuchukua mvunaji huyu. Nyumba yake ni ngumu kuijenga: inahitaji vyumba vikavu kabisa vya ghala, kwani mbegu zikipata unyevu huchipua au kuota ukungu, na wakati huo huo chumba chenye unyevu kwa mabuu, navyo vyote viwe katika nyenzo ambayo taya zake haziwezi kuitafuna, na jipsamu laini haifai kwa hilo. Kwa kujifunza, tafuta kundi lake nje, mahali linapovuna, ukae kando na daftari lako saa za asubuhi.

SWALI: Nimewajengea sisimizi wangu nyumba mpya ya jipsamu na kuiunganisha na mrija wao wa zamani kwa bomba la plastiki. Imepita wiki nzima na hawajahama, ingawa pamba ya mrija imeanza kuwa nyeusi. Je, niwamwage humo kwa nguvu? Bukoba.

JIBU: Usiwamwage. Malkia akidondoshwa anaweza kuumia mguu au kipapasio, na mayai yaliyoshikamana hutawanyika.

Hapa ndipo mwanga unapokuwa chombo cha kazi. Tia maji upande mmoja wa nyumba mpya, uifunike yote kwa kadibodi nyeusi, kisha uondoe kifuniko cha mrija wa zamani na kuuacha katika mwanga wa kawaida wa chumba, mchana kutwa. Ukiwa na taa ndogo ya LED, iwekwe umbali wa shubiri moja, na uguse kioo baada ya robo saa kuhakikisha hakipati joto. Wafanyakazi wachache watatoka kupeleleza, watarudi, na ikiwa wameridhika wataanza kubeba mabuu mmoja mmoja, malkia akifuata baadaye. Makundi mengine huhama usiku huo huo na mengine huchukua wiki mbili. Ikiwa maji yamebaki katika mrija na weusi uko kwenye pamba tu, si juu ya watoto, hakuna haraka, kwa maana sisimizi huvumilia pamba chafu kuliko tunavyoivumilia sisi. Lakini maji yakikauka watalazimika kuhama, kwa hiyo angalia kwanza kama nyumba mpya ina unyevu. Mara nyingi wanaokataa kuhama wamekwisha kuipima nyumba hiyo na kuikuta kavu. Mrija wa zamani uuache umeunganishwa kwa siku kadhaa baada ya malkia kuvuka, kwa sababu wafanyakazi hurudi kuchukua pupa waliosahaulika nyuma ya pamba.